Aliyenyoa Kabla ya Kombe

Mume wangu, Wendell Tackaberry, hakujaliwa ndevu. Kila mwaka timu yetu ya hoki ya barafuni, Korongo wa Port Ansley, ilipoingia mechi za mtoano, wanaume wa mji huu waliweka nyembe kabatini na kuapa kutonyoa mpaka timu itolewe au ibebe kombe. Wengine waliota ndevu za kupendeza. Wendell aliota mabaka: kishungi kidevuni, kishungi kingine chini ya sikio, rangi ya kutu, na katikati ngozi tupu. Wenzake walimwambia amefanana na zulia lililotafunwa na panya. Alicheka nao, lakini hakunyoa, kwa sababu desturi hiyo kwetu ilianzishwa na baba yake.

Amos Tackaberry alikuwa mlinda lango wa timu iliyotuletea kombe la kwanza, na picha yake imetundikwa kwenye ukuta wa uwanja wa barafu, ndevu zimemfika kifuani. Kila mtoto wa Port Ansley huigusa picha hiyo kabla ya kuvaa viatu vya kutelezea. Mimi nimelibeba jina la Tackaberry kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na sioni sababu ya kuwaachia watu wa mgahawani wanisimulie habari za mume wangu.

Alifanya kazi ya gari la wagonjwa tangu kabla sijamjua. Baba yangu alikuwa daktari, nami nilikuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, na walikuwapo waliodhani nimejishusha. Baba yangu hakuwa mmoja wao. Alikuwa ameona namna Wendell anavyomtoa mgonjwa nyumbani. Wengine humbeba mtu wakaondoka. Wendell, mgonjwa akishalazwa garini, alirudi ndani dakika moja: akazima jiko, akafunga madirisha, akamwekea paka chakula, akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni. Funguo hizo alizitundika jikoni kwangu mpaka wenyewe warudi. Zilikuwapo mbili tatu za watu ambao hawakurudi, na hizo alizipeleka mwenyewe kwa watoto wao, amevaa koti la kanisani.

Mwaka 2003, theluji ikianza kuyeyuka, homa ya mapafu iliyokuwa ikiua watu Toronto ilifika kwetu ndani ya kifua cha mtu mmoja aliyekuwa ametoka kumwangalia nduguye huko. Waliombeba kumpeleka hospitali walikuwa Wendell na wenzake wawili, na hakuna aliyejua wakati ule anaumwa nini. Ilipojulikana, wote watatu waliwekwa karantini. Lakini hapakuwa na watu wa kushika nafasi zao, kwa hiyo ikawa karantini ya namna yake: kazini na nyumbani tu, bila duka, bila kanisa, bila kukaa meza moja na mkeo.

Wendell akahamia chumba cha chini ya nyumba, penye jiko la kuni. Nyumba yetu ni ya zamani. Joto la chumba kile hupanda jikoni kupitia wavu wa chuma uliopo sakafuni, na hapo ndipo nilipozoea kuweka miguu nikisahihisha madaftari. Asubuhi ya kwanza niliona mwanga hautoki tena kwenye wavu. Nikaenda kwenye mlango wa ngazi, uliofungwa.

"Wendell, umeziba wavu."

"Nimeziba. Plastiki na gundi, sawasawa kabisa."

"Miguu inaganda huku juu."

"Vaa soksi mbili, mke wangu. Sitaki pumzi yangu ipande huko."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Niliweka supu ya njegere na mkate juu ya ngazi, nikagonga, nikaondoka. Baada ya kula alikaa upande wake wa mlango, mimi upande wangu, tukasikiliza redio mbili zinazosema jambo moja. Korongo walikuwa wanacheza bila watazamaji. Mji mzima ulikuwa majumbani, watu hawapeani mikono, hawakumbatiani mtu akifunga bao. Kilichobaki kuwaunganisha wanaume ni zile ndevu. Sijawahi kuona ndevu zikiheshimiwa hivyo. Hata mchungaji alifuga.

Ndipo ikaja amri ya kaunti kwamba kila anayeingia kwenye nyumba au wodi ya karantini avae barakoa ya kubana, na barakoa hiyo ipimwe kwanza usoni mwake. Wendell ndiye aliyekuwa amefundishwa kupima.

Yaliyotokea kituoni siku ile nilisimuliwa na Odile Charlebois, mhudumu mwenzake, mwanamke mdogo wa umbo, msemaji wa Kifaransa kutoka kaskazini, asiyependa kuongeza chumvi. Wa tatu wao alikuwa Murdo Fennell. Huyu alikuwa rafiki wa Wendell tangu ujana: jitu kubwa lenye utani, lililokula mezani kwangu kila Jumapili na kuniita shemeji. Ndevu zake zilikuwa nyeusi na nzito, na hakuna aliyebisha kwamba ndizo bora katika kaunti nzima.

Odile ndiye aliyeanza kupimwa, akapita. Murdo akamuuliza mbona yeye hafugi za timu.

"Zangu nimemwachia mume wangu anifugie," akamjibu.

Kipimo chenyewe ni hivi. Unavaa barakoa, kisha unafunikwa kichwa kwa kofia kubwa ya plastiki inayofika mabegani, na mpimaji anapuliza ndani yake maji machungu kama ukungu. Unageuza kichwa, unainama, unasoma kwa sauti. Ukionja uchungu, barakoa inavuja. Mpimaji hana chombo kingine cha kumwambia. Anategemea neno lako. Na kwetu neno la mtu haliulizwi mara mbili.

Wendell alikuwa ameshawaambia kwamba ndevu zitaleta shida. Murdo akasema apimwe kwanza ndipo ahukumiwe. Akafunikwa, Wendell akapuliza.

"Unaonja kitu?"

"Sionji kitu."

Akapuliza tena, safari hii zaidi. Odile aliona macho ya Murdo yanajaa maji nyuma ya kile kidirisha cha plastiki, na bado anasoma kwa sauti kubwa kama mtangazaji wa redio.

"Murdo. Unaonja nini?"

"Naonja kombe, kaka. Endelea."

Odile akacheka. Wendell hakucheka. Alimvua ile kofia, na Murdo akaenda moja kwa moja kwenye bomba akanywa bilauri mbili za maji, akisema kahawa ya kituo siku hizi inapikwa kwa chumvi.

Wendell angeweza kusema pale pale. Murdo angeondolewa kazini kwa uongo, na wangebaki wawili kwa mji mzima. Badala yake akafungua mfuko wa kazi, akatoa wembe wanaonyolea vifua vya wagonjwa kabla ya kubandika nyaya za moyo, akasimama kwenye sinki la jikoni na kunyoa vishungi vyake vyote. Kisha akaketi kwenye kile kiti, uso mwekundu, tone la damu kidevuni.

"Nipime."

"Wendell, mechi ni leo," Murdo akasema.

"Najua. Nipime."

Murdo akampima. Wendell akasoma ukurasa mzima, akageuka, akainama, na hakuonja kitu. Alipovuliwa kofia akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba kuanzia siku hiyo Murdo atashika usukani, na kwenye nyumba za karantini wataingia Wendell na Odile tu. "Siku utakayonyoa, niambie nikupime tena."

Jioni hiyo Korongo walifungwa vibaya kuliko mwaka mzima, ingawa hawakutolewa, maana mtoano wa hoki huchezwa kwa mechi kadhaa. Kufika asubuhi, kila mtu Port Ansley alijua nani amenyoa. Nililikuta kopo la povu la kunyolea kizingitini, limefungwa utepe wa rangi za timu. Simu ililia, mtu akauliza kama hapa ndipo kwa kinyozi, akakata. Kisha akaja Hollis, kaka mkubwa wa Wendell, aliyerithi kwa baba yao kazi ya kuendesha mashine ya kulainisha barafu uwanjani. Hakupita kwangu. Alisimama uani mbele ya kidirisha cha chumba cha chini, nami nilikuwa barazani nikisikia.

"Umefanya nini, wewe?"

"Nimenyoa."

"Baba angekuwa hai leo..."

"Angekuwa hai ningempima na yeye."

"Picha yake iko pale ukutani, Wendell. Watu wananiuliza kama kweli wewe ni ndugu yangu."

"Na wewe unawajibu nini?"

Hollis alipiga teke theluji iliyochafuka, ikafunika kioo, akaenda zake. Nilishuka nikakifuta kwa aproni yangu. Wendell alinipungia mkono kutoka ndani, na kwa mara ya kwanza tangu mtoano uanze nikauona uso wake mzima, nikafurahi.

Timu ilijikusanya, ikashinda mechi iliyofuata, na nyingine tena. Murdo akasema bahati inakaa kwenye ndevu zilizobaki. Kila zamu Wendell alimuuliza neno moja tu, kupitia kidirisha kinachotenga dereva na wagonjwa: "Umenyoa?" Na kila zamu Murdo akajibu: "Baada ya fainali, kaka." Wendell alinisimulia hayo nyuma ya mlango, na sauti yake haikuwa na hasira. Alisema Murdo ni mwoga wa jambo moja tu, kuachwa nje ya kundi.

Siku ya Bi. Isobel Petrie iliwakuta hivyo. Bi. Petrie alikuwa fundi cherehani mstaafu, akiishi peke yake juu ya duka la viatu. Alikuwa karantini kwa kuwa alilala hospitalini wakati wa yule mgonjwa wa kwanza, na asubuhi hiyo pumzi zilimkatika. Ngazi za pale ni nyembamba na zina kona, na yeye hakuwa mwepesi. Wakamkalisha kwenye kiti cha kubebea, Wendell juu, Odile chini. Kwenye kona mguu wa Odile ukateleza, akabaki amebanwa ukutani, uzito wote umemwegemea.

Murdo aliyaona kutoka garini, mlango ukiwa wazi. Odile ananiambia hakusita hata kidogo, nami namwamini. Hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake chini ya mzigo. Alivaa barakoa na kupanda mbio. Ilikuwa imekaa juu ya ndevu zake kama kifuniko kwenye sufuria iliyojazwa kupita kiasi.

"Rudi, Murdo," Wendell akamwambia. "Rudi garini."

Hakurudi. Alimpita Odile, akapokea uzito kwa chini, na uso wake ukawa shibiri moja na uso wa Bi. Petrie. Hapo hapo yule mama akaanza kukohoa, kikohozi cha kutoka tumboni. Wendell, mikono yote miwili imeshika kiti, akainama juu yake, akamsukuma kichwa kwa bega lake mpaka uso ukageukia kwake. Mtu anayekabwa pumzi hushika kilicho karibu. Bi. Petrie alishika barakoa ya Wendell kwa vidole vyake vya kazi, mkanda ukakatika, ikang'oka.

Angeachia mkono mmoja, wote wangeporomoka. Kwa hiyo aliteremka ngazi zote zile uso wazi, mgonjwa akimkoholea.

Alipofika chini akavaa barakoa nyingine, akamlaza Bi. Petrie garini. Kisha akarudi juu. Kulikuwa na uji wa shayiri jikoni, umeanza kuungua. Akazima, akamwekea paka maziwa, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Aliporudi, Murdo alikuwa amesimama kwenye theluji iliyolowa.

"Kilichotokea ni kwamba mkanda wangu ulikatika," Wendell akawaambia wote wawili. "Basi. Na wewe una watoto watatu, Murdo. Nenda kanyoe."

Homa ilimpata wiki hiyo hiyo. Walikuja kumchukua watu wa kaunti ya jirani, kwa sababu Murdo na Odile walikuwa wamefungiwa kabisa. Sikuruhusiwa kumfuata. Nilisimama barazani, naye akapitishwa mbele yangu amefunikwa hadi shingoni, akatazama dirisha la jikoni, kisha mimi. Baada ya hapo nilikuwa na simu tu. Siku ya mwisho aliyoweza kusema, muuguzi alimshikia.

"Ardith. Ufunguo wa Bi. Petrie uko kwenye koti langu la kazi. Wameutia kwenye mfuko. Waambie wasiutupe."

"Nitawaambia."

"Paka wake."

"Odile kawaomba jirani wenye ufunguo wa pili wamchukue. Anakula."

Akapumzika. Nilisikia mashine. Kisha akasema kwamba Odile atanisimulia yote, na kwamba tusimseme Murdo kwa mtu yeyote. Akitaka, atajisema mwenyewe.

"Na jina lako je?" nikamuuliza.

"Jina langu unalo wewe," akasema. "Sina wasiwasi."

Tulimzika bila nyimbo, watu wachache tumesimama mbalimbali, wazishi wamevaa barakoa. Bi. Petrie alipona. Korongo walichukua kombe, na magari yakapiga honi barabara nzima mpaka mbele ya nyumba yangu. Nilifunga mapazia.

Wanaume wote wa Port Ansley walinyoa siku iliyofuata, isipokuwa Murdo Fennell.

Wakubwa wa kaunti waliuliza, wakaambiwa mkanda ulikatika, wakahitimisha kwamba marehemu hakuufunga inavyotakiwa. Mjini walilipokea neno hilo kwa furaha ya chinichini. Mpimaji wa barakoa za watu hakujua kufunga yake. Hollis alilisema mgahawani mbele ya mwalimu mwenzangu: "Alinyoa bure, na bado akafa." Nililisikia darasani likinong'onwa na watoto ambao baba zao walibebwa na Wendell. Nilinyamaza. Kulisafisha jina lake kwa mdomo wangu kungekuwa kuvunja neno alilonipa kwa pumzi za mwisho, na jina gani basi lingebaki la kusafishwa?

Murdo aliacha kazi ya gari la wagonjwa kiangazi kile. Sheria mpya ilitaka uso ulionyolewa, na yeye hakutaka kunyoa. Akapewa gari la kusukuma theluji. Kila majira ya baridi njia ya kwangu ilisafishwa kabla ya nyingine zote, nami sikutoka kumshukuru. Tukikutana posta alisema "Shemeji," nikasema "Murdo," na hayo yalitosha kwa miaka mingi. Ndevu zilimshuka hadi kifuani, zikaanza mvi. Mji ulizipenda. Walisema hakuna shabiki kama yule, ameapa kutonyoa tangu mwaka wa kombe. Watoto walipiga picha naye.

Mwishowe wasimamizi wa uwanja wa barafu wakaamua kutundika picha yake kando ya ile ya Amos. Hollis ndiye angeifunua. Mimi nilialikwa kama mmoja wa familia. Odile alinisihi nisiende. Nilivaa koti langu jeusi na pini ya urembo ya mama mkwe, nikakaa mstari wa mbele, ambako akina Tackaberry wamekaa siku zote.

Walitandika zulia juu ya barafu. Hollis akasema maneno yake, watu wakacheka panapochekesha, kisha akampa Murdo kipaza sauti.

"Ndevu hizi mnazipenda," Murdo akasema. "Ndizo zilizomuua Wendell Tackaberry."

Alisema yote. Kwamba yale maji yalikuwa machungu kama nyongo na akasema haonji kitu. Kwamba Wendell alijua, na hakumsema. Hollis akanyoosha mkono apokee kipaza sauti, Murdo akamgeuzia bega.

"Ngoja, Hollis, sijamaliza. Yule mama alikuwa ananikoholea mimi. Wendell akamgeuza. Mnasema hakujua kufunga barakoa. Mimi ndiye niliyempima. Alisoma ukurasa mzima na haikuvuja hata chembe. Ilifungwa sawasawa."

Hakuna aliyepiga makofi. Hollis alivua kofia yake, akaenda kuketi kwenye kipandio cha mashine ya barafu, na picha ikabaki imefunikwa kitambaa. Watu walinipisha nilipotoka. Mmoja, aliyewahi kuniuliza kwa simu kama hapa ndipo kwa kinyozi, aliinamisha kichwa. Sauti yake niliijua siku zote. Nilifika nyumbani nimenyooka, nikaenda mpaka kwenye mlango wa ngazi ili nimwambie Wendell, mkono wangu tayari umekunjwa kugonga.

Kesho yake alikuja mtu barazani, nikadhani ni mgeni. Mashavu yalikuwa meupe kama unga, yamekatwakatwa na wembe.

"Unanichukia, shemeji?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Futa viatu, ingia unywe chai."

Alikunywa. Kisha akaomba kuona chumba cha chini, nikamtangulia. Kitanda kipo, redio ipo, kiti chake kimeelekea ngazi. Murdo akatazama juu, akaiona ile plastiki kwenye wavu, gundi imegeuka rangi ya chai pembeni lakini haijaachia hata mahali pamoja. Akauliza ni ya nini. Nikamwambia. Akajipangusa uso na kuinua mikono yake mirefu.

"Nikutolee? Jikoni kwako kunaganda."

"Iache," nikasema. "Aliibandika Wendell."

Akashusha mikono. Alipoondoka niliosha vikombe, nikavaa soksi za pili, nikaketi mahali pangu.